Tusiwalaumu Majirani Kabla ya Kuhesabu Miaka



Sisi watu wa pwani tuna ada ya zamani ya kumpima mtu kwa mahali anapokaa na kwa watu anaochanganyika nao. Kijana akiharibika, swali letu la kwanza ni, "Afuatana na nani?" Mtu akipungua kuwajulia hali jamaa zake, twasema, "Bara imemgeuza." Na methali za kuitilia nguvu hukumu yetu hazikosekani, kwani nani asiyejua kwamba samaki mmoja akioza huoza wote? Mimi nimeyasema hayo mara nyingi, na kwa muda wa miaka mitatu niliyasema juu ya kaka yangu wa tumbo moja. Leo nataka kueleza vipi nilijua kwamba nimemdhulumu, na vipi elimu ya nyota ndiyo iliyonionyesha kosa langu. Usistaajabu, utaona mwenyewe.

Kaka na mimi tulizaliwa Pangani. Marehemu baba yetu alikuwa nahodha wa jahazi, na kama manahodha wengi wa zama zake alizijua nyota kama mtu anavyozijua nyumba za mtaa wake. Kaka aliichukua elimu hiyo kuliko mimi. Usiku tukijilaza uani juu ya mkeka, yeye ndiye aliyekishika kidole changu akakielekeza kwenye Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo wazee wetu walilitumia kujua nyakati za mvua na za kulima. Macho yake yalikuwa makali ajabu. Watu wengi huhesabu nyota sita katika Kilimia. Yeye akihesabu nane, nami nikimwambia mwongo.

Kaka alisomea ualimu, akapelekwa kufundisha Karagwe katika Mkoa wa Kagera. Mwisho akatua Kimuli, sehemu ambayo tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe. Akaoa huko, akapanda migomba na mibuni, akastaafu huko huko. Zamani alikuwa akija Pangani kila likizo ndefu. Kisha ikawa kila baada ya miaka miwili. Kisha akaacha kabisa. Mama yetu alipofariki hakuwahi mazishi, na hilo sikumlaumu, maana maiti hangojewi siku mbili. Lakini hakuja hata kwenye hitima ya arobaini, wala hakujibu ujumbe hata mmoja katika zile nilizomtumia kwa simu. Nikimwandikia habari za nyumba ya mama, za wapangaji, za bati lililotoboka, kimya. Nikimpigia, hupokea mkewe akaniambia, "Mzee yuko shambani." Na siku niliyompata mwenyewe alinijibu maneno matatu manne, kisha akamrudishia mkewe simu.

Basi nikakata shauri moyoni kwamba Kimuli imemharibu. Nikayasema hayo barazani mbele za watu. Nikasema kaka amekwisha kuwa mtu wa huko, na kwamba katika mambo ya nyumba ya mama hana haja ya kuulizwa. Nikaandikisha karatasi kwamba ameniachia mimi shughuli zote za nyumba ile, nikaitia mkobani, na mwezi wa Desemba nikafunga safari ili aitie sahihi mbele yangu.

Safari ya kutoka Pangani hadi Kimuli ni ya siku mbili na zaidi kwa mabasi. Lakini nchi ile si ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya wazee wetu ilikuwa ikipita Tabora ikipanda hadi Karagwe kabla ya kuja utawala wa Wazungu. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika katika mwaka 1861, njia ile ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wetu, na Stanley alipopita katika mwaka 1876 aliwakuta wakikaa Kafuro, karibu na mji wa mfalme. Leo utaona vilima vya kijani, migomba isiyokwisha, kahawa imeanikwa mbele ya nyumba, na ng'ombe wenye pembe ndefu kama matanga. Mnazi huuoni. Jua nalo huchelewa, maana Kimuli iko mbali upande wa magharibi. Saa zetu ni zile zile, lakini Magharibi huingia karibu nusu saa baada ya kuingia Pangani.

Nilikaa siku mbili nikitazama kama kadhi. Nikamwona kaka akikaa kimya kibarazani, akitembea polepole kwa bakora, asiyetaka kutoka nyumbani baada ya Isha. Nikawaona na wenzake anaosali nao, wazee wa maneno machache wanaokaa hapo kwa hapo. Nikawakumbuka watu wa baraza letu Pangani, vicheko vyao na mbio zao, nikasema, "Tazama! Nchi hii imempoza." Nilipompa ile karatasi, aliipokea, akaikunja, akasema, "Iache hapa, nitaisoma." Siku ya pili nikamwuliza kama ameisoma, akajibu, "Bado." Nikaona ni dharau juu ya dharau.

Usiku wa siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha jioni ikakatika, upepo ukafagia mawingu, na umeme nao ulikuwa umezimika. Kaka alikwenda kulala mapema. Nikabaki uani na binti yake, ambaye ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari na alikuwa amekuja nyumbani kwa likizo. Mbingu za Kimuli, ndugu msomaji, ni jambo la kuonwa. Mji ule uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kwa kuwa uko karibu sana na ikweta mtu huweza kuziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Binti akanionyesha kaskazini wingu dogo hafifu, akasema, "Lile, baba mdogo, ni Andromeda. Abdulrahman al-Sufi wa Isfahani aliliandika kitabuni mwake katika mwaka 964, akaliita wingu dogo." Kisha akanigeuza kusini, juu ya kilima, akanionyesha mawingu mawili mengine meupe yaitwayo Mawingu ya Magellan. Akasema, "Haya si mawingu. Kila moja ni mji wa nyota peke yake, na wataalamu huuita mji kama huo galaksi."

Nami, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umejaa, sikumjibu habari za nyota. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi naona mahali humgeuza mtu. Baba yako nilimjua mchangamfu, na hapa amepoa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata juu ya galaksi, baba mdogo, watu wamebishana maneno hayo hayo." Akaanza kunieleza, na mimi nakueleza kama nilivyomfahamu.

Jua letu na nyota zote tuzionazo kwa macho matupu zimo katika galaksi moja, ile ambayo ukingo wake huonekana kama njia nyeupe inayokata mbingu, na Waarabu waliiita Majarra. Galaksi hii imebapa kama ungo. Jua huizunguka kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 230 kwa kila sekunde, na pamoja na mbio hizo mzunguko mmoja huchukua miaka kiasi cha milioni 230. Nyota nyingi zilizo jirani zetu huzunguka kwa upande huo huo, kama mahujaji katika tawafu. Lakini ziko galaksi nyingine ambazo nyota zake hazina nidhamu hiyo. Hii yaja, ile yaenda, hii yapanda, ile yashuka, kama watu sokoni asubuhi ya samaki. Galaksi ya namna hiyo haibapi. Huwa imeviringana kama chungwa au yai.

Nikamwuliza, "Na haya mmeyajuaje, nanyi hamjafika huko?" Akasema kwamba nuru ndiyo shahidi. Nyota ikija upande wetu nuru yake huelekea kidogo kwenye buluu, na ikienda zake huelekea kwenye wekundu. Basi galaksi inayozunguka kwa utaratibu, upande wake mmoja huelekea buluu na upande wa pili wekundu. Ile iliyochafuka haina pande mbili zilizotengana hivyo. Rangi huchanganyika kila mahali. Na nuru hiyo hiyo hueleza pia umri, kwani nyota kubwa za buluu zenye kung'aa sana hufa mapema, na galaksi ambayo nyota hizo zimekwisha, zimebaki za rangi ya chungwa na nyekundu, hiyo ni ya wazee.

Basi swali likawa: ni kitu gani kinachozifanya baadhi ya galaksi zizunguke kwa nidhamu, na nyingine zichafuke? Jawabu la kwanza lilikuwa jawabu langu mimi: majirani. Katika mwaka 1980 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Alan Dressler alitangaza hisabu yake ya makundi 55 ya galaksi, ambayo ndani yake mlikuwa na galaksi kiasi cha 6,000. Aliona kwamba kadiri galaksi zinavyosongamana, ndivyo zilizobapa zinavyopungua na zilizoviringana zinavyozidi. Kundi kubwa lililo karibu nasi ni lile la Virgo, lililo umbali ambao nuru hutembea kwa miaka kiasi cha milioni 54, nalo lina galaksi zaidi ya 1,000. Katikati yake iko galaksi kubwa iitwayo M87, ile ambayo picha ya shimo lake jeusi ilitangazwa duniani mwezi wa Aprili 2019. Imeviringana, na nyota zake kwa jumla hazina mzunguko wa maana.

Na sababu zilionekana wazi. Galaksi zikipitana karibu huvutana na kuvurugana. Hata yale Mawingu ya Magellan tuliyokuwa tukiyatazama yamevutana yenyewe kwa yenyewe na galaksi yetu pia, na gesi iliyochopolewa kwao imeburuzika mbinguni kama mkia mrefu. Tena ndani ya kundi kubwa mna gesi ya moto, na galaksi ikiingia humo kwa kasi hukutana na gesi ile kama mtu anavyokutana na upepo akiwa juu ya pikipiki, ikang'oa gesi yake mwenyewe.

Niliposikia hayo nilipiga goti. "Si nilisema! Ubaya ni wa mahali!"

Binti akacheka. "Ngoja, baba mdogo, hujasikia mwisho wake." Akaniambia kwamba huko Australia, katika mlima wa Siding Spring, kuna darubini yenye kioo cha upana wa mita 3.9, inayofanya kazi tangu mwaka 1974. Wataalamu waliifungia chombo kiitwacho SAMI, chenye mafungu 13 ya nyuzi za kioo, na kila fungu lina nyuzi 61, hata kila galaksi wakaweza kuipima sehemu kwa sehemu na si kwa jumla tu. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2018 walipima galaksi zaidi ya 3,000. Nyingine zikiwa peke yake nyikani, nyingine zikiwa zimesongamana. Kisha katika mwaka 2024 Scott Croom wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake wakatangaza walichokiona walipoyapima mambo matatu kwa pamoja, yaani uzito wa galaksi, wingi wa majirani zake, na umri wa nyota zake. Wakaona kwamba umri ndio unaofuatana zaidi na mwendo. Galaksi ya nyota changa huzunguka. Ya nyota nzee huchafuka. Na umri ukishahesabiwa, mahali hapaongezi kitu cha maana. Ukizichukua galaksi mbili za umri mmoja, moja ya nyikani na moja ya kwenye msongamano, mwendo wao hukaribiana.

Nikauliza, "Vipi basi yule wa kwanza akaona tofauti ya mahali?"

Akasema, "Aliyoyaona ni kweli, wala hakukosea kuhesabu. Ila katika msongamano ndiko waliko wazee wengi, na nyikani ndiko waliko vijana wengi. Mtu akilinganisha mahali na mahali bila kuuliza umri, hulinganisha wazee na vijana, akadhani amelinganisha mji na mji."

Nikataka kujua kwa nini umri uwe na nguvu hiyo. Akanielekeza utosini, kaskazini kidogo, ambako Kilimia kilikuwa kimepanda. Moyo ulinishtuka, maana kidole chake kilikuwa kama cha baba yake. Akasema Kilimia ni kundi la nyota zaidi ya 1,000, ingawa jicho huona chache tu, na umri wake ni kiasi cha miaka milioni 100. Kwa nyota huo ni utoto, maana Jua letu lina miaka kiasi cha bilioni 4.6. Kwa kuwa ni changa, nyota za Kilimia bado zaenda pamoja kama watoto watokao chuoni mwalimu akiwatazama. "Kesho alfajiri," akasema, "tazama mashariki, juu kidogo upande wa kaskazini, utaona nyota ya rangi ya chungwa, Simaki. Hiyo yakisiwa kuwa na miaka kama bilioni 7, nayo haifuati msafara wetu sawasawa. Hubaki nyuma ya mzunguko wa Jua kwa kiasi cha kilomita 100 kwa sekunde, nayo huhesabiwa katika zile nyota nzee zinazopanda mbali juu na kushuka mbali chini ya ule ungo."

Sababu zake, akasema, ni mbili. Ya kwanza ni misukosuko ya njiani. Galaksi ina mawingu makubwa ya gesi, na nyota ikipita karibu na wingu zito huvutwa kidogo ikapotoka. Mara moja si kitu, lakini kwa mabilioni ya miaka hujumlika. Wataalamu wawili, Spitzer na Schwarzschild, waliitoa hoja hiyo tangu mwaka 1951. Nyota changa zilizo jirani zetu hupanda na kushuka kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 10 kwa sekunde. Nzee hufika 20 na zaidi, na zile nzee kabisa hukaribia 40. Chombo cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kumaliza kazi yake ya kutazama mwezi wa Januari 2025, kimepima nyota karibu bilioni 2 na kulithibitisha jambo hilo kwa upana usiopata kuonekana. Sababu ya pili ni kwamba nyota za zamani nyingi zilizaliwa wakati gesi yenyewe ilikuwa ikichafuka, kama mtoto aliyezaliwa wakati wa vita. Kwa hiyo uzee wa nyota hueleza mambo mawili, yaliyoipata njiani na zama ilizozaliwa.

"Lakini," akasema, na hapa msomaji nakuomba usikie vizuri, "hili halina maana kwamba majirani hawana dhima. Galaksi ikiingia katika msongamano, ikanyang'anywa gesi yake, huwa haina tena cha kuzalia nyota mpya. Walio ndani yake huzeeka, wala hakuna watoto wa kuwafuata. Mahali ndipo palipoikatia riziki, na kukatika kwa riziki ndiko kulikoizeesha. Basi mahali pana kazi, ila mara nyingi hupitia mlango wa umri."

Nikanyamaza. Yeye naye akanyamaza, kisha akasema kwa adabu, bila kunitazama: "Baba mdogo, wewe umewalinganisha wazee wa Kimuli na vijana wa Pangani. Tena si vijana wa leo, bali wewe na baba mlivyokuwa miaka arobaini iliyopita."

Maneno hayo yalinichoma. Nilipolala nilianza kuwahesabu watu wa baraza letu mmoja mmoja. Wanaocheka na kukimbia ni wana wetu na wajukuu. Rika la kaka ni watano tu waliobaki. Wawili hawatoki nyumbani, mmoja hasikii, na wawili hukaa kimya kama wale wa Kimuli. Mimi mwenyewe sijaenda hitima ya ng'ambo ya mto tangu magoti yaniume, wala hakuna aliyesema kwamba Pangani imenigeuza. Hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa nimewapima watu wawili kwa kipimo kimoja.

Lakini kupoa kwa uzee ni jambo moja, na kutojibu ujumbe ni jingine. Hilo lilibaki kunikera, na lilifunguka alfajiri.

Tulitoka pamoja kwenda msikitini, kaka akitangulia kwa bakora yake. Nikakumbuka maneno ya binti, nikatazama mashariki. Nyota zilikuwa zikionekana juu yetu, lakini upande ule ulikuwa umezibwa na wingu zito lililolala juu ya kilima. Nikamwuliza kwa kumchokoza, kama zamani, "Kaka, Simaki iko wapi?" Akasimama, akainua bakora yake, akaielekeza mashariki na kaskazini kidogo, pale pale hasa ilipopaswa kuwa saa ile. Akasema, "Ile pale, yang'aa."

Hapakuwa na kitu ila wingu.

Nikakaribia, nikamtazama usoni. Mboni za macho yake zilikuwa na ukungu mweupe, zote mbili. Siku mbili nzima nilikaa naye kibarazani nikimtazama kama kadhi, na sikumtazama machoni. Nikasema, "Kaka, tangu lini?" Akatulia kitambo, akasema, "Wa nne huu sasa."

Nilipata habari yote baadaye kwa shemeji yangu. Ulikuwa ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao huwapata watu wengi wa umri wake popote walipo, Pangani kama Kimuli. Ulianza jicho la kulia, ukaja wa kushoto. Hakuweza kusoma ujumbe wangu hata mmoja, na aliwakataza watu wa nyumbani wasinisomee jibu wala wasiniambie, maana aliona haya kwamba yeye aliyenifundisha nyota asomewe habari na watoto. Kwenye simu alikata maneno kwa kuogopa nitamwuliza, "Umesoma nilichokuandikia?" Na siku za arobaini ya mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo, akajikwaa penye ngazi za basi, akarudi nyumbani akalia. Ile karatasi yangu aliilaza chini ya mto akingoja binti yake apate faragha amsomee. Nilikwenda nikaichukua, nikaichana. Kaka akasikia mchaniko, akauliza, "Karatasi gani hiyo?" Nikamwambia, "Si kitu." Ila usiku wake nilimweleza yote, kwa sababu nilimsema mbele za watu, na mtu hawezi kuomba radhi kwa jambo alilolificha.

Je, mahali hapakuwa na dhima yoyote? Palikuwa nayo, na ndivyo binti alivyosema juu ya galaksi. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa kupasuliwa, na kioo cha jicho kilichochafuka hutolewa kikatiwa kingine. Lau kaka angekaa karibu na mabingwa wa macho, pengine angepelekwa mwaka wa kwanza. Umbali ulimcheleweshea tabibu. Lakini watu wa Kimuli hawakumgeuza moyo. Wao ndio waliomshika mkono njiani kwa miaka minne bila ya kumwaibisha, na mimi niliyekuwa mbali ndiye niliyekuwa nikimhukumu.

Binti alinionya pia nisizifanye nyota kuwa hukumu juu ya wanadamu, kwani nyota haina hiari, wala haina mama wa kumfia. Namkubalia. Nilichokichukua kwa wale wataalamu wa Sydney ni mwendo wao wa kupima tu. Hawakusema kwamba mahali hapana kazi kabla ya kutazama, wala hawakusema kwamba mahali ndipo penye kazi kwa kuwa ndiyo kauli iliyozoeleka. Waliweka galaksi za umri mmoja pamoja, ndipo wakatazama. Ni mara ngapi sisi tumemwambia mzazi, "Mtaa wenu umemharibu mwanao," na mtoto mwenyewe ana miaka kumi na mitano, na wa kwetu akiwa na miaka hiyo alifanya yale yale? Ni mara ngapi tumesema mke amembadilisha mume, na kilichombadilisha ni miaka thelathini?

Kaka alipasuliwa jicho la kulia mwezi wa Februari. La kushoto lingali linangoja. Usiku mmoja wa mwezi wa Machi alinipigia simu mwenyewe, akaniambia, "Toka nje, tazama Kilimia, nami natazama." Nikatoka. Kilikuwa kimeelekea magharibi, hakijazama. Akasema anahesabu nyota tano. Zamani alikuwa akihesabu nane. Nikakaza macho, nikahesabu na mimi, nikapata nne. Nikamwambia, naye akacheka sana, kicheko kile kile cha uani kwetu, akasema, "Basi na wewe umezeeka, na hujatoka Pangani."